Ulilala Kabla Sijamaliza

9 Februari

Mdogo wangu Ndevu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa macho. Ndiyo salamu yangu ya leo, na usidhani ni utani. Mimi huku sijambo. Mpwa wako amepata nafasi chuoni, anasomea upimaji wa ardhi, ameondoka na godoro langu zuri akaniachia lile lenye bonde katikati. Kwa hiyo nyumba sasa ni mimi na paka, na paka anakula kunishinda. Ni msimu wa sare za shule, chumba kizima ni vitambaa vya kijani kuanzia mlangoni mpaka juu ya jiko. Hata chai nakunywa na nyuzi.

Sasa utajiuliza, dada ana simu, karatasi za nini? Naandika kwa sababu simu sikupigii tena. Jumapili nilikupigia nikueleze jambo langu, jambo zito, nimekaa nalo siku kadhaa natafuta pa kulianzia. Ndiyo kwanza nimelianza, upande wa pili nasikia "mh," halafu "mhhh," halafu trekta. Ulikoroma, mdogo wangu! Ulinikoromea sikioni, mimi niliyekubeba mgongoni ukanilowanisha nguo zote za utoto wangu! Nilikaa nakusikiliza kwa hasira mpaka salio langu likaisha. Bora barua. Ukisinzia katikati, ukiamka utaikuta palepale.

Na usiniulize jambo lenyewe ni lipi. Ulilala, limekupita.

Halafu si mara ya kwanza. Kwenye arusi ya binamu yetu ulilala wakati wa kupiga picha. Mpaka leo watu wakiangalia albamu wanauliza yule mwenye ndevu nyingi aliyeegemea keki ni nani. Eti uchovu wa kazi. Kazi gani? Unanyoa watu, hujengi reli. Na unashika wembe, wewe! Watu wanakuinulia koo na kufumba macho wakiamini kuna mtu nyuma ya ule wembe. Nenda hospitali kabla hujanyoa kisichotakiwa kunyolewa.

Samahani kwa mwandiko, nimejiumiza kidole, nimekifunga bendeji. Si kitu. Msalimie wifi yangu, mwambie nampa pole bila kujua ya nini.

Dada yako


27 Februari

Dada mkubwa, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwa awamu tatu, na ndiyo, kati ya awamu ya kwanza na ya pili nililala. Sikufichi. Sisi huku wazima, watoto wanakwenda shule, wa mwisho ameng'oka jino la mbele na sasa anatema mate kwa shabaha ya kutisha. Mpe hongera mpwa wangu. Mwambie mjomba anataka kupimiwa kiwanja akimaliza, hata kama kiwanja chenyewe sina.

Dada, naomba radhi kwa ile simu. Jambo lenyewe ni lipi? Niambie tu, usiwe mgumu hivyo.

Wifi yako ameipokea pole yako kwa mikono miwili. Amehamia sebuleni. Nimemwambia kama ni kelele nitalala kiubavu, akasema kelele alishazizoea, kelele zinamlaza. Kinachomtoa chumbani ni ukimya. Anasema nakoroma vizuri, halafu nanyamaza, nanyamaza mpaka yeye anakaa kitako kitandani akingoja niendelee. Nikichelewa ananipiga kiwiko, nashtuka kama mtu aliyetolewa majini, narudi kukoroma. Kesho yake mimi sikumbuki kitu, yeye macho mekundu. Jana ameniambia wazi, "Niliolewa na mtu, sikuajiriwa kulinda pumzi zake." Kisha akachukua mto.

Kuhusu wembe, ulinichuria. Unamkumbuka mwalimu mkuu wa shule ya hapa jirani, mwenye sharubu za heshima? Ijumaa iliyopita alikaa kwenye kiti changu, nikaanza kumchonga sharubu. Nimesimama, dada, kwa miguu yangu miwili, mashine mkononi inanguruma. Kilichofuata ni Kipara kupiga ukelele. Kipara ni yule mwenzangu wa kiti cha pili, asiye na unywele hata mmoja, ndiyo maana wateja hawamwogopi. Nafumbua macho, nusu ya sharubu za mwalimu mkuu iko sakafuni. Ya kushoto. Ile ya kulia bado iko mahali pake, imesimama kama askari aliyeachwa zamu peke yake.

Ilibidi tutoe zote. Jumatatu aliingia darasani, wanafunzi hawakusimama. Walidhani ni mgeni.

Tangu siku hiyo Kipara amefungia nyembe zote kwenye droo, ufunguo ameuvaa shingoni. Mlangoni pameandikwa KWA NDEVU, ndani Ndevu mwenyewe anafagia na kuchemsha taulo. Mteja akija anauliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nimesimama mbele yake na ufagio. Imeniuma, dada, sitakudanganya. Hii mikono ndiyo kitu pekee nilichojua kukitumia vizuri.

Nitakwenda hospitali. Shingo upande, lakini nitakwenda.

Mdogo wako


20 Machi

Ndevu,

Marahaba. Nimecheka mpaka paka akatoka nje. Halafu nikakumbuka kwamba ile mashine ingeweza kuwa wembe na ile sharubu ingeweza kuwa koo, nikaacha kucheka. Kisha nikaendelea kidogo.

Huku salama. Mvua imeanza, bati linavuja pale pale, nimeweka sufuria pale pale. Mpwa wako kaandika maneno matatu kwenye simu: "Mama tuma nauli." Wala hakusema ya kwenda wapi.

Wifi ana haki. Baba alikuwa hivyo hivyo, wewe ulikuwa mdogo. Nyumba nzima tulijivunia mkoromo wake, majirani walikuwa wanasema kwetu hakuibiki, mzee yuko macho hata akilala. Kisha ananyamaza, na mama, aliyelala upande wa ukutani, ananong'ona, "Haya, haya, haya," mpaka arudi. Mimi nilidhani kila mama duniani hulala akinong'ona hivyo. Baba alipofia usingizini watu walisema amepata kifo cha raha. Sijui tena kama kilikuwa cha raha. Nenda hospitali, basi, usinifanye nirudie.

Kazi zimenizidi. Wiki hii nimeshona shati la mtoto lenye mikono miwili upande mmoja. Nimelimaliza, nimelipiga pasi, nimelikunja, nimelikabidhi. Mama wa mtoto amelirudisha akaniuliza mwanawe akae vipi. Nimemwambia umeme ulikatika.

Jambo langu uachane nalo. Lilikuwa jambo la kusemwa, si la kuandikwa.

Dada


2 Mei

Shikamoo dada,

Umeme ukikatika cherehani ya miguu inahusika vipi? Haya, tuyaache.

Sisi hatujambo. Jino la mtoto limeota, amepoteza shabaha. Wifi yako bado yuko sebuleni, ameanza kununua na mapazia ya huko, dalili mbaya.

Nimepimwa. Wamenilaza kwenye chumba chenye kitanda kimoja, wakanibandika nyaya kichwani, kifuani, miguuni, mpira puani, kitu kama kibanio cha nguo kidoleni, kisha muuguzi akaniambia, "Lala kama unavyolala nyumbani." Nikamwuliza nyumbani kwa nani! Lakini nililala, dada, nililala fofofo, kwa sababu mimi hata nikifungwa kwenye mlingoti nitalala. Asubuhi daktari akanisomea majibu. Kwa saa moja nakata pumzi mara arobaini. Koo linajifunga lenyewe, ubongo unapiga kengele, naamka bila kujua nimeamka, narudi, linajifunga tena. Eti kwa miaka yote hii sijalala, nimekuwa nikinyongwa na kuachiwa. Nikamwambia daktari, "Ndiyo maana mchana nasinzia?" Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kama maji yana umajimaji.

Wamenipa mashine. Ina jina la herufi nne, CPAP, wauguzi wanaiita sipapu, na mimi namwita hivyo hivyo, Sipapu, maana analala na sisi kama mtu wa nyumbani. Ni kisanduku cha kukaa pembeni ya kitanda, kinapuliza hewa kwenye bomba refu mpaka kwenye barakoa, na hewa ile inalishikilia koo lisijifunge. Kwa vile nalala mdomo wazi, wamenipa barakoa kubwa ya kufunika pua na mdomo, na mikanda ya kuzungusha kichwani. Nilipoivaa mara ya kwanza, mtoto aliuliza baba anakwenda vitani na nani.

Tatizo ni ndevu. Barakoa inakaa juu ya ndevu, hewa inatokea pembeni, fyuuu, inanipiga machoni, macho yanakauka, naamka nalia kama mjane. Nikikaza mikanda nabaki na michirizi usoni mpaka saa sita mchana, Kipara anauliza nimelala kifudifudi kwenye wavu gani. Basi nikaivua. Nikaiweka chini ya kitanda, nikawa namwambia kila mtu naendelea vizuri.

Nilivyorudi kliniki nikamwambia na muuguzi, "Naivaa kila siku, imenisaidia sana." Akachomoa kadi ndogo kwenye mashine, akaichomeka kwenye kompyuta, akaisoma. Kumbe Sipapu mmbeya! Anaandika kila kitu, saa ulizovaa, saa ulizovua, hewa inayovuja. Yule binti akaniuliza taratibu, "Baba, hii ni wewe au umemwazima mtu asiyelala?" Niliona aibu hata nikashindwa kumwambia tatizo. Niliaga nikaondoka.

Watu wataniambia ninyoe. Dada, hizi si nywele, huu ni ubao wangu wa matangazo. Mtu anapita, anaona ndevu zimepangwa hivi, anajua humu ndani kuna fundi. Jina langu ndilo hili. Nikinyoa nitaitwa nani?

Wewe kidole kimepona? Hukuniambia kilifanywa na nini.

Mdogo wako aliyenyongwa mara arobaini


19 Mei

Mdogo wangu,

Utaitwa hai. Je, jina hilo halikutoshi?

Nimekaa na barua yako nikaisoma mbele ya paka. Nyumbani kwema, sufuria limejaa, nimemwaga. Kidole kimepona, kimebaki na kovu dogo, lakini ukucha umeota kwa hasira.

Sasa nisikilize. Hujaniuliza lakini mimi ni fundi. Kwenye kifurushi hiki utakuta vitambaa vya pamba, nimevikata umbo la barakoa kwa kukisia uso wako, nimekumbuka ulivyo na mataya ya mtu anayetafuna mfupa. Viweke kati ya mpira na ngozi. Kuna na vifuko vya mikanda, nimevijaza sponji ili visikuchore. Rangi ni kijani, usilalamike, ndicho kitambaa kilichobaki. Na hizo ndevu zipake mafuta ya mgando zilale, labda hewa itakosa pa kutokea.

Ikishindikana, nyoa. Ndevu zinaota, mdogo wangu. Nimekaa na kaburi la baba muda mrefu, halijaota kitu zaidi ya majani.

Vifuko vingine vimeenda mshono upande upande, usivikague sana. Nilikuwa nimechoka.

Dada


25 Juni

Shikamoo dada mkubwa,

Watoto wazima, wanakusalimu, wote wanasema aunti akiwa anakuja alete paka. Nina mengi, vuta kiti.

Mafuta ya mgando: sitaki kuyazungumzia. Basi nitazungumza. Nilizipaka zikalala kama ulivyosema, na barakoa ikalala nazo. Ikateleza. Nimeamka barakoa iko sikioni, Sipapu anapuliza kwa nguvu zake zote ndani ya sikio, nami naota nimepanda pikipiki. Na mpira wa barakoa umeharibika, kumbe mafuta yanaula, imeandikwa kwenye karatasi ambayo sikuisoma.

Basi nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe, dada. Nilikuwa sijawahi kukaa upande ule. Nikamwambia Kipara, "Fungua droo." Akadhani nataka kazi, akashika ufunguo kifuani kama mwanamwali. Nikamwambia, "Hapana. Ninyoe mimi." Mwalimu mkuu alikuwepo, sharubu zinaota upya, akasimama kwa heshima kana kwamba bendera inashushwa. Kipara alinyoa polepole. Nilifumba macho. Nilijua kwa mara ya kwanza mteja anavyojisikia, koo wazi, mikono chini ya shuka, humwoni anayekushikia wembe. Nikajisikia vibaya kwa watu wote niliowanyoa nusu usingizini.

Nilipofumbua macho nikamwona baba kwenye kioo. Kidevu kile kile. Kipara akanipa taulo.

Nyumbani mtoto mdogo alilia, mkubwa aliomba nioneshe kitambulisho. Wifi yako alinizunguka mara mbili akasema, "Kumbe una kidevu." Lakini usiku ule barakoa ilishika, vile vitambaa vyako vya kijani vikakaa sawasawa, na mimi nikalala. Dada, nimelala! Nimeamka asubuhi nikafikiri nimekufa, kwa sababu hakuna kilichokuwa kinauma. Kichwa chepesi. Nilisikia ndege, sijui wamekuwepo siku zote? Wiki ya pili wifi yako alirudi chumbani na mto wake, kimya kimya, na mapazia mapya juu. Anasema Sipapu anapumua kwa adabu kunishinda. Wiki ya tatu Kipara alivua ufunguo shingoni.

Sasa cheka. Nimekwenda kliniki kwa mbwembwe, uso mtupu, namwonesha yule muuguzi. Akasema, "Hongera baba, ila mbona umenyoa? Tuna barakoa ndogo ya kuingia puani tu, na mkanda wa kushikilia kidevu mdomo usifunguke. Wenye ndevu wote tunawapa hiyo." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Uliniambia unaendelea vizuri." Dada, mimi na wewe tumeandikiana barua, tumeshona, tumepaka mafuta, tumenyoa, na jibu lilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti chake! Kuuliza tu kumetushinda.

Niishie hapo? Siishii. Kwa kuwa sasa niko macho, nimezitoa barua zako zote nikazisoma kwa mara ya kwanza bila kusinzia. Kidole usichosema kimeumizwa na nini. Shati lenye mikono upande mmoja. Mishono iliyoenda upande. Na mwandiko wako, dada, kila barua unaanza vizuri, ukifika katikati ya ukurasa herufi zinateleza chini ya mstari, wino unaburuzika mpaka ukingoni, kisha mstari unaofuata umeanza upya kwa nguvu. Nayajua hayo. Daftari langu la wateja liko hivyo hivyo.

Dada, na wewe unakoroma?

Mdogo wako asiye na jina kwa sasa


6 Julai

Wewe,

Nimefurahi umelala. Nimefurahi kwa wifi. Mengine umeyatoa wapi?

Mimi ni mwanamke mzima mwenye kazi nyingi na taa mbovu. Nikichoka nachoka. Wanawake hawakoromi, wanapumua kwa sauti. Juzi tu ulikuwa unalala kwenye keki, leo umekuwa daktari? Wacha kiherehere.

Mpwa wako hajambo. Paka hajambo. Kwaheri.

Dada


28 Julai

Shikamoo dada.

Najua umekasirika, na hiyo haitanizuia. Ndevu zinaota, watoto wazima, wifi yako yuko nyuma yangu anasoma ninachoandika ili nisilainishe maneno.

Jumamosi nilikupigia simu. Februari uliapa hunipigii tena, lakini uliapa wewe kunipigia mimi, mimi sikuapa chochote. Ulipokea. Ilikuwa mchana, umetoka kula. Mimi nilikuwa dukani na mwalimu mkuu kitini, povu shingoni, kwa hiyo nikaweka simu mezani kwa sauti ya juu ninyoe huku nakusikiliza. Ukaanza kunieleza habari ya mpwa wangu na yule mwenye nyumba wake wa huko chuoni, anayemfungia maji. Ukasema, "Sasa yule bwana akamwambia mtoto..." Ukasita. Ukasema, "akamwambia..." Halafu, dada, ukaanza.

Nilitaka kucheka. Kipara alishaanza. Nikasema moyoni leo nimempata, nitamwandikia nimkomeshe. Ulikoroma kama baba, na mlio ule ule wa mwishoni. Kisha ukanyamaza.

Nikaweka wembe chini. Kipara akazima mashine, kisha akazima redio. Watu waliokuwa kwenye benchi wakaacha kuongea. Nilikuwa sijawahi kuusikia ule ukimya, maana siku zote ulikuwa wangu, aliyeusikia ni mke wangu. Nilikuwa namwona anatia chumvi. Dada, ni mrefu. Mtu anaposimulia unaonekana mfupi, lakini ukiusikiliza ni mrefu sana. Mwalimu mkuu na povu lake akainama juu ya simu akasema polepole, "Pumua, mama." Mtu mzima, hakujui. Mimi nikajikuta nasema, "Haya, haya, haya," kama mama ukutani.

Halafu ukavuta pumzi kwa kishindo, duka zima likavuta na wewe. Mtu wa kwenye benchi alikuwa amekuja kunyoa tu, alitoka nje kufuta macho. Ukanyamaza tena. Ulipokata pumzi mara ya tatu nikashindwa, nikapiga kelele, "DADA!" Ukaamka ukasema, "Ndiyo, kama nilivyokuwa nakueleza, hakuna maji." Ukakata simu.

Sasa sikiliza. Mimi nilikuwa na mke. Alinipiga kiwiko miaka yote hii, na bila kiwiko chake sijui kama ningekuwa naandika. Shemeji alishatangulia, mtoto yuko chuoni. Wewe una paka. Paka hatakupiga kiwiko, dada, atakukalia kifuani.

Naogopa. Sina maneno mengine. Nina dada mmoja. Nenda ukapimwe, na ukifika uwaulize kila kitu, hata cha kijinga, usifanye kama mimi. Nitasimama kwa miguu yangu mlangoni kwako nikikosa jibu, na nikija nitakuja na Sipapu, na Kipara, na mwalimu mkuu.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa shikamoo zako zote mbili tatu nilikuwa nimezifungia kwenye droo pamoja na barua yenyewe. Nilikasirika. Duka zima! Watu wamenyolewa kwa mkoromo wangu! Nilitaka nisikuandikie tena mpaka nife. Halafu nikaona hiyo sentensi haifai.

Nimekwenda. Wamenibandika nyaya na mimi, zikanasa kwenye rasta zangu, nimetoka na gundi kichwani, nimeichokonoa kwa kitana siku kadhaa. Daktari amesoma majibu akauliza kama kwetu kuna mwingine. Nikamwambia mmoja, kinyozi, ana arobaini. Akasema, "Wewe umemzidi." Nisamehe, lakini nilifurahi kidogo. Mimi ndiye mkubwa.

Mashine ninayo, ya puani, sikukosea kama wewe, niliuliza maswali mpaka muuguzi akaomba maji ya kunywa. Mikanda nimeishonea vifuko vipya, vyekundu, mishono imenyooka. Siku ya kwanza paka alilivizia bomba akalirukia. Siku ya pili aligundua kwamba pembeni ya barakoa panatoka hewa ya vuguvugu, sasa analala pale. Mimi nalala pia. Juzi nimeamka nikashona mpaka saa sita bila kusimama, nikatafuta uchovu wangu ulipo, sikuuona. Nikakaa nikalia kwa ajili ya baba, kwamba kulikuwa na dawa ya upepo mtupu.

Umeniuliza toka Februari jambo langu lilikuwa lipi. Haya. Siku chache kabla ya ile simu nilikuwa nimesinzia kwenye cherehani. Mguu ukaendelea kukanyaga wenyewe, sindano ikaingia kidoleni, ikatoka upande wa pili, ndiyo ikaniamsha. Na haikuwa mara ya kwanza kusinzia, ni mara ya kwanza kutoka damu. Nikawa nalala nashtuka nimekabwa, nyumba tupu, hakuna wa kumwambia. Nikakupigia wewe. Nikasema, "Mdogo wangu, kuna jambo. Naogopa kulala peke yangu." Nilifika hapo, nikasikia trekta.

Nilikwambia nilikaa nakusikiliza kwa hasira mpaka salio likaisha. Si kweli. Nilisikiliza mkoromo wako mara tano sita, nikaona ni kama tuko chumba kile cha zamani, wewe kitanda cha chini. Sikuogopa tena. Nikalala na mimi, simu sikioni. Kilichomaliza salio ni sisi wote wawili.

Nipigie Jumapili. Nitaanza upya pale pale nilipofika, na wewe utanisikia mpaka mwisho.

Dada yako